Haki za matangazo: Kwa nini shabiki wa Kitale na Bungoma hufungiwa mechi

SAA tisa alasiri ya Jumamosi, kwa saa za London, mechi kadhaa za Ligi Kuu ya Uingereza huanza kwa pamoja. Mkazi wa Manchester au Liverpool asiye na tiketi ya kuingia uwanjani hawezi kuitazama moja kwa moja hata moja kati ya hizo kwenye runinga ya nyumbani kwake. Kanuni za kandanda za nchi yake zinakataza, na pesa zake hazimsaidii. Wakati huo mjini Bungoma ni saa kumi na mbili jioni ikiwa ni majira ya baridi huko Ulaya, au saa kumi na moja ikiwa ni kiangazi, na mechi hizo hizo zinaonekana katika vibanda vya kandanda karibu na steji ya matatu. Watu hubanana kwenye mabenchi, na waendeshaji bodaboda huchungulia dirishani.

Shabiki huyo wa Bungoma akitaka kuitazama Nzoia Sugar, klabu ya kaunti yake mwenyewe, ikicheza ugenini, mambo hugeuka. Kwa misimu kadhaa tegemeo lake limekuwa redio, au simu ya rafiki aliyesafiri na timu. Mchezo ulio umbali wa maelfu ya kilomita unamfikia sebuleni, na ule wa jirani unampita.

Hali hiyo haitokani na uhaba wa mitambo. Inatokana na namna haki za kutangaza michezo zinavyouzwa duniani: kwa vipande vya ardhi. Mwenye ligi huikata ramani, kila kipande akakiuzia mnunuzi wake, na kumwahidi kwamba hakuna mwingine atakayeonyesha mechi hizo ndani ya kipande hicho. Ahadi hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Kituo hakilipi mamilioni ya dola kwa ajili ya picha za mpira pekee. Hulipia pia giza litakalotanda kwa wapinzani wake. Mechi inapokuwa hewani, mitambo ikawa mizima, na mtazamaji akazuiwa kuiona kwa sababu tu ya mahali alipo, huko ndiko kufungiwa matangazo.

Kwa Ligi Kuu ya Uingereza, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zimekuwa zikiuzwa kama soko moja kubwa, na kwa muda mrefu mnunuzi wake mkuu amekuwa SuperSport, tawi la michezo la MultiChoice ya Afrika Kusini, inayomiliki DStv na GOtv. Kampuni hiyo yenyewe ilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa mwaka 2025. SuperSport imekuwa ikirusha mechi zote 380 za msimu. Waingereza wenyewe hawapati zote. Hata baada ya mkataba mpya ulioanza msimu wa 2025/26 kuongeza idadi, bado mechi zaidi ya 100 kwa msimu hazionyeshwi moja kwa moja nchini mwao.

Chanzo cha marufuku hiyo ya Jumamosi ni cha kale. Katika miaka ya 1960, Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, aliwashawishi wenzake kwamba runinga ingewaondoa watu viwanjani, hasa katika klabu ndogo zinazoishi kwa mapato ya mlangoni. Hoja yake ikawa kanuni, na baadaye Shirikisho la Soka la Ulaya likaruhusu kila nchi mwanachama kutenga saa mbili na nusu za mwisho wa juma ambamo kandanda haitaonyeshwa moja kwa moja. Uingereza ilichagua kuanzia saa nane na dakika 45 mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni, Jumamosi. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 2020, viwanja vilipofungwa kwa sababu ya janga la korona, kisha ikarejeshwa.

Lengo la Bw Lord lilikuwa kulinda klabu ndogo za kwao. Hakuna aliyefikiria klabu ndogo za Kenya. Saa zilizozimwa Uingereza ili watu waende uwanjani ndizo saa ambazo picha zake huletwa hapa, na huku ni jioni ya Jumamosi, wakati ambapo mpenzi wa kandanda wa Kitale angeweza kuwa bado anatoka kwenye mechi ya mtaani kwake. Waandalizi wa ligi za hapa nchini wamelalamika kwa miaka mingi kwamba ratiba ya Uingereza huwanyang'anya watazamaji. Malalamiko hayo yana uzito, ingawa viti vibovu na vyoo visivyofaa viwanjani navyo vina sehemu yao ya lawama.

MAREKANI NA MCHEZO WA BESIBOLI

Nchi iliyofikisha utaratibu huu kwenye kilele chake ni Marekani, na mchezo ni besiboli. Ligi Kuu ya Besiboli ilirusha mechi yake ya kwanza kwa njia ya intaneti Agosti 2002, kisha ikaanza kuuza huduma iitwayo MLB.TV ambayo mteja hulipia msimu mzima. Kwa miaka mingi huduma hiyo imekuwa na sharti lililowakera wengi: kila timu imepewa eneo lake la runinga, na mteja anayeishi ndani ya eneo hilo hawezi kuitazama timu hiyo moja kwa moja kwenye intaneti. Husubiri hadi mechi iishe na muda wa ziada upite. Sababu ni kwamba haki za eneo hilo zimekwisha kuuzwa kwa kituo cha runinga cha kulipia cha hapo.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Jimbo la Iowa halina timu hata moja ya ligi hiyo. Hata hivyo, ramani zilivyochorwa, jimbo hilo likaangukia katika maeneo ya timu sita kwa mpigo: mbili za Chicago, na za St. Louis, Kansas City, Minnesota na Milwaukee. Mkulima wa mahindi wa Iowa aliyelipia huduma nzima alijikuta akifungiwa timu zote zilizo karibu naye, na akiachiwa zile za mbali ambazo hana habari nazo. Mkulima mwenzake wa mahindi aliye Kitale, akiwa na kadi ya benki na intaneti ya kutosha, angeweza kulipia huduma hiyo hiyo na kuitazama Chicago Cubs bila kizuizi cha eneo, kwa kuwa hakuna timu ya besiboli iliyotengewa Trans Nzoia. Wakenya waliohamia Minnesota na watoto wao kuipenda besiboli wamekutana na kanuni hii wakiwa upande mbaya wa ramani.

Mashabiki walikwenda mahakamani New York mwaka 2012 wakidai kwamba mgawanyo huo unazuia ushindani. Kesi ilimalizika kwa maafikiano Januari 2016: wateja wakapewa nafasi ya kulipia timu moja tu kwa bei ya chini, lakini uzio wa timu za nyumbani ukabaki. Kilichoanza kuubomoa ni ufukara wa vituo vyenyewe. Kampuni iliyomiliki vituo vingi vya michezo vya maeneo, Diamond Sports, iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2023, na mwishoni mwa Mei mwaka huo ligi ikachukua matangazo ya San Diego Padres na kuwauzia wakazi wa eneo hilo moja kwa moja. Hivyo uzio uliodaiwa kuwa wa lazima kwa miongo miwili uliondolewa kwa siku chache, kwa sababu aliyeulipia hakuwa tena na pesa.

MSIBA WA GTV

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya mnunuzi wa haki aliyeishiwa, na machungu yake hayajasahaulika. Katikati ya mwaka 2007 kampuni ya GTV, yenye makao yake Uingereza, iliingia sokoni ikiwa imenunua haki za sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa misimu mitatu. Ilikusudia kumfikia mtu wa kipato cha kawaida ambaye bei za DStv zilikuwa zimemshinda. Mashabiki wengi walinunua ving'amuzi vipya, wengine wakaachana na vya zamani. Aliyebaki DStv alijikuta akilipa bei ile ile huku mechi nyingi alizozizoea zimehamia kwa jirani.

Januari 30, 2009, GTV ilifunga milango ghafla, katikati ya msimu. Skrini zikawa nyeusi. Madishi yalibaki juu ya mabati yakitazama angani, na aliyekuwa amelipia miezi ya mbele akawa mdai wa kampuni iliyofilisika, foleni ambayo mteja mdogo husimama mkiani. Baadaye mechi zilirudi SuperSport, na shabiki akatakiwa kununua king'amuzi kingine.

Tukio hilo lilionyesha tofauti kati ya kununua bidhaa na kununua ruhusa. Kisanduku ni mali ya mteja. Mechi si yake. Anachokodi ni ruhusa ya kutazama, na ruhusa hiyo hudumu maadamu kampuni ina mkataba na mwenye ligi, katika nchi iliyotajwa kwenye mkataba. Maelezo hayo huandikwa katika masharti ya huduma, kwa herufi ndogo ambazo dukani hakuna anayezisoma.

Ligi ya nyumbani nayo imepita mkononi mwa wengi. SuperSport iliitangaza Ligi Kuu ya Kenya kwa miaka kadhaa, na pesa zake zikawa uti wa mgongo wa klabu. Mwaka 2017 ligi ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, kampuni hiyo ilijiondoa ikisema makubaliano yamekiukwa. Kwa Bungoma, wakati haungeweza kuwa mbaya zaidi: huo ndio mwaka ambao Nzoia ilikuwa imepanda daraja na kuingia ligi kuu. Timu ilifika mezani chakula kikiondolewa. Mwaka 2020 shirikisho la soka lilitia saini mkataba wa miaka saba na StarTimes ya China, nao ukavunjika kabla ya muda wake. Mwaka 2023 likatia saini mwingine wa miaka saba na Azam TV ya Tanzania. Kila mara mkataba ulipobadilika, king'amuzi cha kutazamia ligi ya Kenya kilibadilika pia, na gharama hiyo ilimwangukia mtazamaji.

Azam yenyewe ilikuwa imeonyesha mwaka 2021 thamani ya soka ya nyumbani pale inapouzwa vizuri. Mkataba wake wa miaka kumi na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania ulikuwa wa zaidi ya Sh225 bilioni za nchi hiyo.

MPAKA WA LWAKHAKHA

Katika eneo la Mlima Elgon, suala la mipaka ya matangazo lina ladha yake. Bungoma iko karibu zaidi na Mbale ya Uganda kuliko Nairobi. Wabukusu wa upande huu na Wagisu wa upande ule ni watu wa ukoo mmoja, lugha zao zinasikilizana, na mwaka wa tohara wageni huvuka Lwakhakha kuhudhuria sherehe bila kuona ajabu. Kutoka Kitale, barabara ya Suam inaelekea huko huko. Mawimbi ya setilaiti nayo hayajui mpaka: yale yanayoangukia Mbale yanaangukia pia Bungoma na Kitale, kwa nguvu ile ile.

Kinachotenganisha ni kadi iliyo ndani ya king'amuzi. Kadi husajiliwa katika nchi moja, hulipiwa kwa sarafu ya nchi hiyo, na hufunguliwa vituo ambavyo nchi hiyo imenunuliwa. Kwa kuwa bei na vifurushi hupangwa kila nchi kivyake, kishawishi cha kuvusha king'amuzi mpakani hakikosekani. Mteja aliyelipa kihalali Uganda hajaiba chochote, lakini akikitumia Kenya huwa amekiuka masharti ya huduma, na kampuni ina haki ya kumkatia.

Barani Ulaya swali hilo lilifikishwa mahakamani na mwenye baa. Karen Murphy wa Portsmouth, Uingereza, aliona bei ya kuonyesha mechi katika baa yake imepanda mno, akanunua kadi ya kampuni ya Ugiriki iliyokuwa nafuu. Alishtakiwa, akatozwa faini na gharama zilizokaribia pauni 8,000. Hakukubali. Oktoba 4, 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sheria inayozuia kadi za nchi nyingine za umoja huo inakwenda kinyume na uhuru wa kutoa huduma katika soko la pamoja. Majaji waliongeza, hata hivyo, kwamba nembo, wimbo wa ligi na michoro ya kwenye skrini vinalindwa na hakimiliki, na kuvionyesha hadharani kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Hukumu dhidi ya Bi Murphy ilifutwa Februari 2012.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, na ndani yake mna ahadi ya huduma kuvuka mipaka kwa uhuru. Mahindi, ndizi na ng'ombe hupita kwa msaada wa ahadi hizo, japo kwa vikwazo. Kadi ya king'amuzi bado inasubiri Bi Murphy wake.

Kwenye intaneti uzio ni wa aina nyingine. Kila kifaa kinachoingia mtandaoni hubeba anwani ya tarakimu, na kampuni hutazama anwani hiyo kujua mteja yuko nchi gani. Kwa simu ya mkononi, anwani inayoonekana mara nyingi ni ya mitambo mikuu ya kampuni ya simu, hivyo mtu aliye Kiminini anaweza kuonekana kana kwamba yuko Nairobi. Hilo halina madhara kwa kuwa haki zimegawanywa kwa nchi. Hata simu ya Kenya inaponasa mtandao wa Uganda karibu na mpaka, kwa kawaida data zake huzungushwa hadi mitambo ya nyumbani kwanza, na anwani hubaki ya Kenya. Akiweka laini ya Uganda, mambo hubadilika: kwa macho ya mtandao, amevuka.

Wapo wanaotumia programu za VPN, ambazo humfanya mtumiaji aonekane yuko nchi nyingine. Kampuni za matangazo huorodhesha anwani za programu hizo na kuzifungia, na zikimgundua mteja zinaweza kusimamisha akaunti bila kumrudishia pesa. Wengine hukimbilia tovuti za kuiba matangazo. Bunge la Kenya liliirekebisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019 na kuweka utaratibu wa wenye haki kutaka maudhui ya wizi yaondolewe. Ni kweli kwamba wizi huo unaumiza. Ni kweli pia kwamba wengi wanaoufuata walianza kwa kutafuta mahali pa kulipa, wakakosa.

Mwenye kibanda ana tatizo lake. Malipo ya kifurushi cha nyumbani hayampi ruhusa ya kuwaonyesha watu wengine na kutoza ada mlangoni. Anatakiwa kuwa na leseni ya biashara, ambayo ni ghali zaidi. Vifurushi vya bei ya chini huonyesha sehemu ndogo tu ya mechi. Mwaka 2024 Showmax ilileta huduma nafuu ya Ligi Kuu ya Uingereza, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya simu pekee. Picha haikuruhusiwa kupelekwa kwenye runinga. Kwa kijana mmoja ilitosha. Kwa kibanda cha watu hamsini huko Kanduyi haikuwa na faida.

Mashindano ya mataifa yangetarajiwa kuwa salama, lakini nayo yamewahi kuning'inia. Haki za Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Ivory Coast Januari 2024 zilinunuliwa na New World TV ya Togo kwa nchi za kusini mwa Sahara. Siku chache kabla ya kipenga, MultiChoice iliwatangazia wateja kwamba mashindano hayo hayangekuwa kwenye SuperSport. Makubaliano yalipatikana dakika za mwisho, na mechi zikaonekana. Katika siku hizo za wasiwasi mteja aliyekuwa amelipia Januari nzima hakuwa na wa kumuuliza.

Nchi nyingine zimejaribu kuweka kinga. Sheria ya utangazaji ya Uingereza ya mwaka 1996 inaipa serikali orodha ya matukio ambayo lazima vituo vya bure vipate nafasi ya kuyaonyesha, zikiwemo fainali za Kombe la Dunia. Afrika Kusini imekataza vituo vya kulipia kununua haki kwa namna itakayovizuia vituo vya bure kuonyesha michezo ya kitaifa. Kinga za aina hiyo hazigusi ligi za kigeni, na wala hazisaidii pale ambapo kituo cha bure hakina pesa za kununua hicho kilichohifadhiwa. Lakini zinaweka wazi kwamba mchezo wa taifa si sawa na sinema.

Wakati wa Sauti ya Kenya, Leonard Mambo Mbotela alipokuwa akitangaza kandanda, aliyekuwa na redio Kitale alisikia sawa na wa Nairobi, na wa Mbale akitegesha vizuri naye alisikia. Redio bado ndiyo njia isiyouliza msikilizaji yuko wapi, ingawa inapohamia kwenye intaneti nayo huanza kuuliza.

Kwa anayekusudia kulipia huduma msimu huu, maswali yafaayo kuulizwa dukani ni machache: kifurushi hiki kinaonyesha mechi zote au baadhi, haki za ligi hii zinakwisha mwaka gani, kinafanya kazi nje ya Kenya, na kinaruhusu kuonyesha watu wengi? Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma anayouza. Anayeahidiwa mechi zote kisha akapata nusu anapaswa kuhifadhi risiti na tangazo lililomvutia, aandike malalamiko kwa kampuni kwanza, na asiporidhika ayapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.